Naomba ushauri: ekskaveta haiwaki injini ikiwa ya moto

Wakuu, ni komoni reli (pampu inajaza dizeli ya presha kubwa kwenye bomba moja, yaani reli, linalolisha injekta zote, vile vinyunyizi vya dizeli), silinda 6. Asubuhi inawaka stata ya kwanza. Ikipata moto ikazimwa, haiwaki mpaka ipoe. Filta zote mpya, hewa imetolewa, dizeli haina maji. Ikigoma, presha ya reli inaishia baa 120 tu, wakati injini nyingi za aina hii zinataka kama 200 na zaidi ndipo injekta zifunguke. Nimepima ritani (dizeli inayorudi tangini toka kila injekta) kwa chupa: injekta namba 4 inarudisha mara 3 ya wenzake, na dizeli ya moto ni nyepesi, inavuja zaidi. Nibadilishe hiyo moja, au nipime kwanza pampu na vavu ya reli? (Kulegeza paipu za presha injini ikiunguruma msinishauri, dizeli hiyo inatoboa ngozi.)