Nirudishe feni ya klachi au ninunue altaneta kubwa? Gari imekosa sailensi, injini haitulii bila kukanyaga mafuta

Kibuyu77: Wakuu habari za jioni. Wiki jana nilitoa feni ya klachi, ile inayozungushwa na injini yenyewe, nikafunga ya umeme. Tangu hapo feni ikiwaka tu mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unashuka, taa zinafifia, na kwenye foleni ya Ubungo imenizimikia mara mbili. Fundi ananipa njia mbili: nirudishe feni ya klachi, mtumba wa Ilala, au ninunue altaneta (ile ya kuchaji betri) kubwa. Jumamosi nampelekea hela, nishaurini.

Spana_Kumi: Gari gani? Injini gani? Feni inakula umeme wapi, rilei (swichi ya kubeba umeme mkubwa) ipo? Unatuletea kama kwa mganga, tupige ramli?

Kibuyu77: Samahani mkuu. Toyota GX110, injini 1G. Rilei ipo nadhani. Kuna waya fundi kaunga kwenye sensa ya joto.

Spana_Kumi: Mchawi wako huyo hapo. Sensa ile ni ya kontroli boksi, kompyuta ya injini. Ukiidandia, boksi linasoma joto la uongo na kumwaga mafuta kama gari imewashwa alfajiri. Feni iwe na swichi yake ya joto, na ethi (waya wake wa bodi) ishike chuma kilichokwanguliwa, siyo juu ya rangi.

MamaTausi: Rudisha klachi, mwanangu. Mimi nilifungiwa ya umeme kwenye Hiluksi, nikatoka Mombo kupanda Lushoto na magunia ya mbegu. Waya ulikuwa mwembamba kama wa redio. Kabla ya Soni fyuzi ikayeyuka na kiota chake, feni ikasimama, mimi sina habari, nimewasha muziki. Kuja kutazama, mshale wa joto umelala kwenye H. Dereva wa Fuso akanikataza kufungua mfuniko wa rejeta, la sivyo ningeungua uso. Gasketi ilikufa, hedi ikachongwa, mbegu nikazilipia gari nyingine. Feni ya klachi haijui fyuzi.

Dogo_Turbo: Mama, huo ni ufundi mbovu, siyo feni. Mbona gari kibao zinatoka kiwandani na ya umeme?

Mzee_wa_GX: Themostati, ile vali ya maji ya kupoza injini, ipo? Sisi wa Dar tulishatoa, joto lenyewe hili.

Spana_Kumi: Na ndiyo maana mnalia mafuta. Ile hufungua kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa na feni inazunguka muda wote, injini haifiki joto lake, sailensi inabaki juu.

Mzee_wa_GX: Miaka 9 sijachemsha.

Dogo_Turbo: Kibuyu, weka mita kwenye betri. Feni kubwa hula ampea 20 hadi 30, na altaneta kwenye sailensi haitoi nguvu zake zote. Kubwa zaidi inaweza isikusaidie hapo hapo. Safisha na troto, mlango wa hewa ya injini: betri ikichomolewa, boksi linasahau sailensi ambayo lilikuwa limejifunza kwa troto yenye uchafu.

Kibuyu77: Nimepima. Bila feni volti 14.1. Feni na AC pamoja, 12.4.

Spana_Kumi: Na feni bila AC? Ethi umeiangalia?

Mzee_wa_GX: Feni yako ya klachi iko wapi? Naihitaji.

Kibuyu77: Fundi alisema imekufa, akabaki nayo.

MamaTausi: Halafu anakutafutia mtumba Ilala?

Kibuyu77: Duh.

Dogo_Turbo: Usisahau mrejesho Jumamosi. Na ile ethi.