Madalali wa Mombasa, hiyo Nyali mnayotuuzia iko wapi hasa??

Jamani leo nina hasira na naomba mtu asinambie nipunguze jazba, soma kwanza halafu useme.

Hivi ni nani aliwapa madalali wa huu mji ruhusa ya kuitembeza Nyali? Kila tangazo la nyumba ni Nyali. Nyumba iko Kongowea nyuma ya soko, imeandikwa Nyali. Iko Mshomoroni, ati "Nyali karibu na lami". Iko Bakarani vumbi mpaka kwenye kope, "Nyali ya ndani". Juzi nimeona moja Mtopanga wamebandika "Nyali upande wa Bamburi", sasa huko ndo wapi, na watu wa Mtopanga wamekosa nini mpaka mtaa wao usitajwe? Wenyeji Nyali twaijua, ni kule upande wa bahari, nyumba za mageti na miti, na kodi yake pia twaijua ndo maana hatukai. Mimi sina shida kukaa Kisauni, nina ndugu zangu huko na wanaishi vizuri tu. Shida yangu ni kulipishwa kodi ya Nyali nikiwa Kisauni.

Yaliyonipata mimi ni haya. Dalali kanitumia picha safi, wan bedrum, taili mpaka jikoni, kanambia "dada hii ukichelewa inaenda, kuna mteja mwengine yuwaja jioni". Pesa ya kuonyeshwa nyumba nikatuma M-Pesa kabla hata sijamuona sura (hii nayo ni mada ya siku nyengine, mtu analipwa kwa kazi ya kunyosha kidole). Nikamuuliza maji je? Masaa ishirini na nne. Steji je? Dakika tano. Usalama? "Dadangu huku ni kama Mji wa Kale, watu hulala milango wazi." Wallahi ndo alivosema.

Dakika tano ni za pikipiki. Kwa miguu ni mwendo wa kutokwa na jasho la pili, barabara ya murram, mvua ya Mei ikishuka inakua mto na boda wanakataa kuingia ama wanataka mara mbili. Na hiyo milango wazi, wiki ya kwanza tu mama jirani kaniketisha akanambia mwanangu ikifika saa tatu usiku usipite ile njia ya kichochoro, kuna vijana wa panga. Sasa mtu anaetoka kazini mjini saa mbili apite wapi, arukie ukuta?

Lakini nije kwa maji manake hapo ndo niliposhikwa pabaya. Maji yapo, siongopi, ukifungua mfereji yanatoka. Ni chumvi! Sabuni haitoi povu, chai haina ladha, nywele zimekua kama makumbi ya nazi. Kumuendea mzee mwenye nyumba ananjibu kwa upole kabisa "mama, haya ni ya kisima, Mombasa yote ndo hivi". Sio yote mzee wangu, na wajua. Ila hapa ndo watu wanaotoka bara wanapodanganywa, hawajui kwamba huu mji hauna mto wake wa maji. Maji ya bomba tunayokunywa yanatoka nje ya kaunti, Mzima Springs kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere kule Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Yanatembea safari ndefu hayo na yakifika hayatoshi, yanagawanywa kwa zamu, mtaa huu leo ule kesho kutwa. Kwa hivyo dalali akikwambia masaa ishirini na nne, jua anazungumzia kisima, na kisima karibu na bahari maji yake uonje kwanza kabla hujatoa hata shilingi. Omba kikombe, onja hapo hapo mbele yake, akikuona mshamba na akuone. Manake hayo ya kunywa na kupikia utanunua ya mkokoteni, mtungi mmoja mmoja, na wiki ambayo mifereji imekauka mji mzima wenye mikokoteni wanapandisha bei wanavotaka. Piga hesabu kwa mwezi uone hiyo nyumba "ya bei nafuu" inakua ya bei gani.

Na hapa ndo nawageukia nyie washauri wa humu. Mtu akiuliza nikae wapi mnamrushia majina tu, Kiembeni, Utange, Shanzu, Mtwapa, "kodi iko chini kuna upepo". Hamuulizi anafanya kazi wapi. Mombasa mjini ni kisiwa jamani! Kutoka ni pande tatu basi, Makupa ukienda Changamwe, Daraja la Nyali ukienda kaskazini, na feri ukienda Likoni. Kongowea, Nyali, Kisauni, Bamburi, Shanzu, Mtwapa mpaka Kilifi, wote hao wanaoingia mjini wanapita daraja moja, lile lile lililofunguliwa 1980 wakati huko kwengine kulikua mashamba na minazi. Trela moja likiharibika pale juu saa moja asubuhi, umekwisha. Mtwapa ndo kabisa, hiyo ni kaunti ya Kilifi tayari, unavuka mkono wa bahari wa Mtwapa kisha unakuja kupanga foleni tena Nyali, na katikati barabara ya Malindi wanaipanua miaka nenda rudi. Yule anaekwambia Mtwapa kuna raha muulize yeye anafanya kazi wapi, utasikia anafanya kazi Mtwapa.

Likoni mtu atasema kodi nafuu, ni kweli. Na kwa miguu kivukoni hulipi. Lakini watu zaidi ya laki tatu kwa siku wanategemea feri pale, siku feri mbili zikiwa karakana unasimama juani umebanwa na mabaiskeli ya nazi na mbuzi wa watu. Wazee wetu wengine mpaka leo hawapandi kwa raha tangu ile feri ya Mtongwe izame Aprili 1994, wakafa watu 272. Ati siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, ya kuzunguka bila feri. Dongo Kundu ni nzuri ukiwa na gari na safari yako ni ya Miritini ama Nairobi, mimi wa kushuka Posta pale mjini yanihusu nini kuzunguka mpaka Miritini halafu nirudi na jamu ya Changamwe?

Changamwe na Mikindani sitasema mengi, matrela. Daraja jipya la Makupa limesaidia maji ya bahari kupita, si mimi kupita. Na kabla hujalipia chumba upande wa Jomvu angalia kuna kiwanda gani jirani, watu wa Owino Uhuru waliachiwa sumu ya risasi (ile madini ya lead) na kiwanda cha betri mpaka kesi ikafika Supreme Court.

Kuna na wale wa "wacha kukodi, nunua nyumba Kisauni ama Majengo, ni laki kadhaa tu". Ndugu yangu, laki kadhaa unanunua nyumba, hununui ardhi! Hii biashara ya nyumba bila ardhi wabara hawaielewi mpaka waingie. Kuta ni zako, bati ni lako, kiwanja kina mwenyewe, kila mwezi unampelekea kodi ya ardhi, na siku akiamua kuuza kwa mtu wa gorofa unaambiwa ubebe mawe yako. Haya mambo yanatoka ile sheria ya hati za ardhi ya 1908, waliofuata makaratasi ya mkoloni wakapata hati, waliokua wakilima tu wakajipata maskwota kwa shamba la babu zao. Sasa mtu anaambiwa "nunua, ni deal" na hakuna anaemwambia hata nusu ya haya.

Turudi kwa pesa yangu. Nimetoa notisi, nimehama kwa amani, nyumba nimeiwacha safi, hata rangi nimepaka. Dipoziti ya miezi miwili. Mwenye nyumba anasema iko kwa dalali. Dalali anasema iko kwa mwenye nyumba. Kareteka anasema yeye ni mtu wa kufagia tu. Nikaambiwa nenda kwa sheria, nikauliza mtu anaejua, kumbe ile sheria ya kulinda wapangaji, Sura ya 296, inahusu nyumba ambayo kodi haizidi shilingi 2,500. Elfu mbili na mia tano! Mombasa hii hata chumba kimoja cha choo cha nje hukipati kwa hiyo. Kwa hivyo sisi wengine wote tupelekane mahakamani ama tusameheane. Mimi sisamehi.

Nataka hivi. Dalali yeyote anaeweka nyumba hapa aandike mtaa kwa jina lake, maji ya bomba ama kisima, ya bomba yanakuja siku gani, steji inaitwaje, na mvua ikinyesha gari linafika ama halifiki. Ukiulizwa usijibu "njoo inbox". Na wenyeji mkiona Nyali ya uongo semeni hapo hapo chini ya tangazo, msicheke mkapita.

Kwa sasa nimejibanza kwa khalati Tudor, natafuta chumba na sebule kisiwani, Tudor penyewe, Ganjoni ama Makadara, hata nyumba ya Kiswahili sawa bora maji nionje kwanza. Mwenye nyumba mwenyewe tafadhali.

Na wewe wajijua. Simu yangu hushiki lakini humu kila jioni uko, jana tu umeweka nyengine "Nyali" na ile picha ni ya jikoni langu, kapu langu la vitunguu laonekana pale dirishani. Dipoziti yangu.