Mwiba wa samaki taa mguuni, duka limempa amoksilini. Ndiyo dawa yake?

Binti Kizingitini
Assalam aleikum. Kakangu ni mvuvi. Juzi alfajiri alikuwa akishuka mashuani kwenye maji ya magoti, akamkanyaga taa, mwiba ukamwingia juu kidogo ya kisigino. Tukamwosha, tukamfunga kitambaa. Duka la dawa wakampa amoksilini, vile vidonge vya rangi mbili vya miligramu 500, ameze mara tatu kwa siku. Leo mguu umevimba kupita fundo, wekundu unapanda, na usiku ametetemeka kwa homa. Mjomba asema tumpe siprofloksasini alizobakisha alipougua homa ya matumbo, eti hizo ni kali zaidi. Tungoje hii ifanye kazi au tubadilishe? Na dawa kali hujulikanaje?

Nesi mstaafu, Langoni
Waaleikum salam mwanangu. Msingoje wala msibadilishe wenyewe. Tafuteni boti sasa hivi mumlete hospitali, kwani wekundu unaopanda pamoja na homa ya kutetemeka hautibiwi dukani. Mkifika King Fahd, hospitali yetu ya Lamu, neno la kwanza kumwambia daktari liwe hili: jeraha ni la baharini. Neno hilo linabadilisha dawa atakayoandika.

Nimefunga vidonda vya wavuvi miaka mingi, na kila mara naulizwa dawa ipi ni kali. Hakuna iliyo kali kwa kila mdudu. Daktari hujiuliza ni bakteria gani hukaa mahali palipoumia, dawa gani huwaua, na kama dawa hiyo itafika hapo walipo.

Sasa tuutazame mguu wa kakako. Kuna bakteria wa ngozini mwake mwenyewe, streptokoka na stafilokoka, waliosukumwa ndani na mwiba. Na kuna wa baharini, hasa vibrio, ambao hustawi kwenye maji ya chumvi yenye joto kama haya yetu. Amoksilini huwaweza streptokoka vizuri sana. Lakini stafilokoka wengi hutoa kimeng'enya kinachoivunja kabla haijawadhuru, na vibrio mara nyingi hawaijali. Kwa hiyo aliyempa hakumpa sumu, ila amefunika sehemu tu ya tatizo. Jeraha dogo la baharini likianza kuwa jekundu, kwa kawaida huandikwa kloksasilini au sefaleksini kwa ajili ya wale wa ngozini, pamoja na doksisiklini kwa ajili ya vibrio. Mwenye homa kama yake huwekewa seftriaksoni kwenye mshipa, na doksisiklini juu yake.

Siprofloksasini za mjomba ziacheni. Sikatai kwamba huwagusa vibrio, lakini kwa streptokoka ni dhaifu, na masalio ya mgonjwa mwingine hayatoshi dozi. Tena ni dawa inayojulikana kwa kudhuru kano ya kisigino, na huyu ameumia papo hapo. Mkimpa kabla usaha haujachukuliwa kupimwa, maabara wanaweza kuotesha bakteria wasione kitu, daktari akabaki kubahatisha.

Na mwiba wenyewe, ndugu zangu! Una meno kama msumeno, hukatikia ndani. Kipande kikibaki, hata umpe antibiotiki za dunia nzima kidonda hakifungi. Ombeni apigwe eksirei, na muulizie sindano ya pepopunda.

Kabla hamjaondoka, chukua kalamu ya wino, chora mstari pale wekundu unapoishia, uandike na saa kando yake. Daktari ataona umepanda kiasi gani. Ana kisukari au maradhi ya ini? Semeni mapema, kwa watu hao vibrio huua upesi. Na yakitokea malengelenge yenye damu, ngozi ikaanza kuwa nyeusi, au maumivu yakazidi mno kuliko kidonda kinavyoonekana, huenda akahitaji kupasuliwa usiku huo huo.

Mwenye punda, Shela
Shifaa kwa kakako. Bi Nesi, mimi punda aliniuma mkono nikapewa Augmentin, nikapona. Si amoksilini hiyo hiyo?

Nesi mstaafu, Langoni
Ni amoksilini iliyoongezwa asidi ya klavulani, ambayo hukizuia kile kimeng'enya nilichokitaja. Kinywa cha mnyama kina bakteria wa namna nyingi, wakiwemo wasiopenda hewa, nayo huwapata wengi wao. Lakini baharini sitaitegemea peke yake. Na ukiumwa tena, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Punda pia huambukizwa.

Mama wawili, Mokowe
Mimi nilipopimwa mkojo nilipewa nitrofurantoini. Siku mbili tu nikatulia. Hiyo haimfai?

Nesi mstaafu, Langoni
Haimfai kabisa, mama. Nitrofurantoini hujikusanya kwenye mkojo, ndiyo maana ilikufaa. Kwenye damu na nyama hubaki kidogo mno. Hata maambukizi ya mkojo yakishapanda kwenye figo hatuitumii, sembuse mguu.

Binti Kizingitini
Allah akulipe, Bi Nesi. Boti tumepata, mstari nimechora. Kisukari hana. Akipewa hiyo doksisiklini kuna la kuangalia? Hatulii nyumbani huyu, akipata nafuu tu atarudi baharini.

Nesi mstaafu, Langoni
Lipo. Aimeze kwa gilasi nzima ya maji akiwa ameketi, asilale hapo hapo, maana kidonge kikikwama huchoma koo. Asiichanganye na dawa za kiungulia wala vidonge vya madini ya chuma, huizuia isiingie mwilini. Na hufanya ngozi iungue kwa jua upesi, kwa hiyo mikono mirefu na kofia, ingawa baharini asirudi mpaka kidonda kifunge. Chukueni na ile pakiti ya amoksilini, daktari aone kipimo, na mumwambie alimeza ya mwisho saa ngapi.