Mdogo wangu hajalala vizuri tangu ile ajali ya basi, sasa hivi ni pombe tu. Nianzie wapi?

Kaka Mkubwa: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu alikuwa konda wa basi la mkoani, mwaka juzi likaacha njia usiku likapinduka, yeye akatoka na michubuko tu ila abiria aliowapangia siti kwa mkono wake wengine walifia palepale. Zamani alikuwa mtu wa bia za wikendi kama sisi wote, sasa ni pombe kali toka saa nne asubuhi na usiku bangi. Akisikia breki za lori anashtuka mpaka anamwaga chai, basi hapandi tena. Tulimpeleka soba (nyumba ya kuachia ulevi) akaacha kabisa, lakini ikawa usiku anapiga kelele "fungueni mlango", alivyotoka tu akarudia. Mzee anasema ni uhuni. Hivi kuna uhusiano kweli au tunamtetea?

Mtu wa Mbeya: Ulevi ni ulevi mkuu, wangapi wamepata ajali na hawanywi? Mpelekeni methadoni pale Muhimbili mambo yaishe.

Nesi wa zamu: Methadoni ni ya wanaotumia heroini, Muhimbili wameianza 2011, kwa pombe haimsaidii kitu. Kaka, uhusiano upo na unajulikana siku nyingi. Hiyo inaitwa PTSD, yaani mwili umebaki kwenye ajali, kila breki kwake ni ile ile, sasa pombe inampoza masaa mawili matatu ndo maana haiachi. Halafu pombe inabana ile sehemu ya usingizi yenye ndoto, akiacha ndoto zinarudi kwa fujo kuliko mwanzo, nahisi ndo kilichomkuta soba, walimtoa pombe ajali wakaiacha kichwani. Zamani walikuwa wanasema aache kwanza ndo atibiwe akili, siku hizi inashauriwa vyote viende pamoja. Kuna dawa kama sertraline ila kazi kubwa ni kukaa na mtaalamu alisimulie tukio kidogo kidogo, njia hiyo ilishajaribiwa hata kwa wakimbizi kambi ya Nakivale Uganda na ikasaidia.

Ila tafadhali msimkatishe pombe ghafla nyumbani!! Kwa kiwango hicho anaweza kupata degedege, akaweweseka, wengine wanakufa. Na Valium (vidonge vya kutuliza) za duka la dawa msimpe, zikikutana na pombe zinazima pumzi.

Mstaafu: Mimi nilikuwa askari, sitaki kuingia sana huko. Mtu akiniambia acha pombe nilikuwa nasikia acha kulala. Arosto (mateso ya mwili ukiacha pombe) inapita, zile picha ndo hazipiti zenyewe. Kilichonisaidia ni daktari aliyeniuliza nini kilitokea kabla hajaniuliza nakunywa kiasi gani. @Mtu wa Mbeya ni kweli wengi hawanywi, ila wengine wamehamia kwenye bangi, kamari au kupiga wake zao, hamuwahesabu tu.

Kaka Mkubwa: Asanteni sana, dada nesi Mungu akubariki. Jumatatu nampeleka hospitali ya mkoa. Shida akisikia kliniki ya akili hatoki ndani, nimwambie tunaenda kufanya nini?

Nesi wa zamu: Mwambie tunaenda kutibu usingizi, wala si uongo. Mkifika omba kitengo cha afya ya akili, na ajali uitaje mapema mapokezi maana yeye hataisema. Na kwa kuwa basi hapandi, mwende kwa miguu asubuhi, kama ni mbali chukueni bajaji.