Mama ana kisukari na presha, mafua makali, oksijeni 92. Tuko Njombe

Kibena_Juu: Wakuu, mama ana miaka 64. Leo siku ya tatu ana homa na kikohozi, chakula anagusa tu. Kipimo cha kidoleni kinasoma 92 na nimesikia chini ya 94 ni hatari. Insulini aache kwa sababu hali chakula? Baridi kali, tumemwekea jiko la mkaa chumbani.

Nesi_Uyole: Jiko litoke sasa hivi! Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na hicho kipimo hakiitambui: kinaweza kusoma 97 mtu anazidiwa. Mpe blanketi. Chupa ya maji moto izungushieni kitambaa, miguu ya mwenye kisukari huungua bila yeye kusikia.

Hiyo 94 ni ya watu wa pwani. Njombe ni karibu mita 2,000, hata mzima husoma chini kidogo. Ila kwa umri wake na sukari, aonwe na daktari leo, apimwe nimonia na malaria. Kabla ya kupima, pasheni vidole moto, futeni rangi ya kucha, tumieni kidole kisicho na hina, apumzike dakika tano ametulia. Oksijeni ikiwa chini ya 90, au anapumua mara 25 na zaidi kwa dakika, ni dharura.

Dkt_Mzalendo: Insulini asiache. Homa inaamsha homoni zinazopandisha sukari hata tumbo likiwa tupu, na sukari ikipanda chembe nyeupe za damu zinalegea, vijidudu vinapata nafasi. Dozi ya mlo huweza kupunguzwa, na muulizeni daktari wake kiasi. Pimeni sukari kila baada ya saa 4. Chini ya 4 (mmol/L): vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, rudieni kupima baada ya dakika 15. Juu ya 14 mara mbili mfululizo, au anatapika, hospitali. Kama anameza metformini (kidonge cha kisukari) na anatapika au kuharisha, isimame kwanza.

Duka_la_Dawa: Dawa za mafua zenye sudoefedrini zinapandisha presha. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuumiza figo, hasa akiwa na vidonge vya presha na kaishiwa maji. Parasetamoli ya miligramu 500: viwili kila saa 6, visizidi 8 kwa siku, na someni boksi maana dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani. Deksamethasoni (dawa ya steroidi) ya kununua bila daktari hapana, itarusha sukari.

Kibena_Juu: Jiko limetoka. Vidole vilikuwa baridi, sasa inasoma 94. Tunaelekea hospitali hata hivyo.

Nesi_Uyole: Sawa. Bebeni dawa zote anazotumia, na vipimo vya sukari mlivyoandika.