Mdogo wangu alilazwa wodi ya akili, sasa mtaa mzima unajua. Sheria inasemaje?

kaka_wa_gungu
Wakuu habari za jioni, niko Kigoma mjini hapa naomba msaada wa mawazo. Mdogo wangu wa kike aliumwa, halali usiku, anaongea peke yake, anasema kuna watu wanamsikiliza kupitia simu, tukampeleka hospitali (jina naliacha) wakamlaza wodi ya akili. Sahivi karudi yuko poa tu, anapika, anataniana na watoto, sindano yake ya mwezi anaenda kuchoma mwenyewe. Shida sio ugonjwa tena shida ni watu. Kuna muhudumu wa pale anakaa mtaani kwetu, sijui alianza kumwambia nani, leo mpaka wanaoanika dagaa Kibirizi wanajua binti wa fulani katoka wodi ya vichaa. Kazini kwake nako, ni shule binafsi, bosi kasema harudi mpaka alete barua ya daktari inayosema anaumwa nini hasa na anameza dawa gani. Halafu kinachoniuma zaidi, mimi ndo namlipia kila kitu, nimemuuliza daktari huyu mtoto huwa anakwambia nini mkikaa wawili, ananijibu hiyo siri ya mgonjwa. Yani muhudumu anatangaza bure, kaka mtu nanyimwa??

NesiMstaafu
Pole mwanangu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nikwambie, awe daktari awe mfagiaji awe mlinzi wa geti, alichokiona mle ndani hakitakiwi kutoka nae. Andikeni barua kwa mganga mfawidhi, semeni lini, maneno gani yalisemwa na nani aliyasikia, nakala muipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kama ni nesi lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga, daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika. Ila kabla hujashika kalamu muulize mdogo wako kama anataka, maana hiyo barua nayo itasomwa na watu, mwingine anaona bora yaishe kimya kimya. Yake hayo, sio yako.

mtoto_wa_Ipuli
Mwangaluka wana Kigoma, mimi niko Tabora na nimeshughulika sana na mambo ya ajira. Bosi anazidisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, anachotakiwa kuleta ni cheti cha daktari. Daktari anaandika alikuwa mgonjwa kuanzia lini mpaka lini na kwamba sasa anafaa kurudi kazini, basi, majina ya dawa ya nini? Anafundisha watoto au anafundisha duka la dawa 😂 Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, habari za afya zimewekwa kwenye taarifa nyeti, mtu hazichukui wala kuzisambaza hivi hivi bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, na ipo Tume ya kupokea malalamiko.

kaka_wa_gungu
Asanteni. Ila Mama Nesi hujanijibu la daktari. Mimi ni ndugu wa damu.

NesiMstaafu
Nilikuwa naliendea taratibu. Daktari yuko sawa. Wakati ule hajielewi ilibidi muongee kwa niaba yake, sasa akili imetulia, neno limerudi kwake. Wewe una haki ya kujua cha kumsaidia, dawa saa ngapi, akikakamaa shingo au akianza kutetemeka umkimbize wapi, dalili gani zinaonyesha ugonjwa unarudi. Na akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtu daktari hatakaa nalo moyoni, atawaita. Lakini yale ya moyoni, labda ya mchumba, labda ya mama yenu, labda yako wewe mwenyewe, akijua yanafika kwako wiki ijayo ataenda kliniki akae kimya, na daktari atakuwa anatibu kwa kubahatisha.

binti_muha
Mimi nimewahi kulazwa, sisemi wapi. Kaka yangu alikuwa anapiga simu kila kliniki kuuliza nimesema nini. Niliacha kwenda. Kaka, mpe nauli umuache aingie peke yake.

kaka_wa_gungu
Sawa nimewasikia, japo moyo haujakubali bado. Nimemsomea hizi meseji, kasema la muhudumu tuliache kwanza, anachotaka ni kazi yake. Mtoto wa Ipuli, hiyo barua ya kufaa kurudi kazini anaiomba kwa daktari aliyemlaza au hata wa kliniki?

mtoto_wa_Ipuli
Wa kliniki anayemuona sasa. Amwambie mapema kwamba jina la ugonjwa hataki liandikwe, na abaki na kopi.