Naomba ushauri: filamu ipi imemtendea haki mwanamke?

Kalamu_Busia:
Ndugu zangu, hamjambo. Nina siku tatu tu na usingizi umenipotea. Hapa Busia, upande wa Uganda, kuna shindano dogo la filamu fupi za vijana, na mimi ni mmoja wa majaji watatu. Fomu ina alama 100, na 40 kati yake ni za namna filamu ilivyomchora mwanamke. Kipimo ni kimoja tu: kuna wanawake wawili, wanaongea wao kwa wao, na mazungumzo yao si ya mwanamume?

Zimebaki mbili. Ya kwanza ni ya saluni. Wanawake wawili wanaulizana bei ya nywele kama nusu dakika, kisha mpaka mwisho wanagombania bwana mmoja mwenye gari. Kwa fomu inapata 40. Ya pili ni ya mama anayeanika mukene, wale dagaa wa ziwani, kule Majanji. Yuko peke yake karibu muda wote. Mchuuzi anapokuja kununua, analitikisa beseni ili samaki washuke, aongezewe wengine kwa bei ileile. Mama anaweka mkono juu ya beseni, hasemi kitu. Hana mwanamke wa kuongea naye, kwa hiyo kwa fomu ni sifuri. Niifuate fomu au niufuate moyo wangu?

Mama_Shamim:
Kaka, mimi nina saluni Malaba, mwaka wa tisa huu. Umeandika "bei ya nywele" kama kitu cha kupita njia. Nywele ndizo zimesomesha watoto wangu. Kwangu wanawake wanaongea karo, kodi ya chumba, mkopo wa kikundi, mama mkwe anayeumwa miguu. Wanaume pia tunawaongea, kwani wapo. Hao vijana wangekaa kwangu asubuhi moja tu wangepata filamu tatu. Kosa lao si kuweka saluni, kosa ni kutoka mle haraka.

Msomaji_Jinja:
Tuanze na asili ya hicho kipimo. Kilitokea kwenye katuni ya Alison Bechdel, Mmarekani, mwaka 1985, naye alisema wazo alilipata kwa rafiki yake Liz Wallace. Yule mhusika wa katuni alikuwa anaeleza ni filamu za namna gani tu anazokubali kwenda kuzitazama. Mwaka 2013 kumbi kadhaa za Uswidi zikaanza kuzipa alama maalumu filamu zinazokipita.

Lakini kinafaa kupima rundo. Chukua filamu mia, ukiona nyingi hazina hata wanawake wawili wanaoongea, umejifunza jambo kuhusu wanaozitengeneza. Filamu moja moja kinaikosea. Gravity ya 2013 karibu yote ni mwanamke mmoja angani, hana mwanamke mwenzake wa kuongea naye, kwa hiyo inaanguka. Wengine hutumia kipimo cha pili: yupo mwanamke mwenye safari yake mwenyewe, isiyokuwa mbeleko ya safari ya mwanamume? Mimi huuliza pia: huyu mwanamke anataka nini, na ukimtoa, hadithi inasimama?

Mzee_wa_Kibanda:
Mnasahau vijei, yule anayetafsiri filamu kwa sauti yake ukumbini. Nimeendesha kibanda cha video Tororo miaka kumi na moja. Filamu inaingia na daktari wa kike anaeleza ugonjwa, vijei anatafsiri juu yake: "anamwambia mwenzake bwana wake amechelewa!" Ukumbi unacheka, maneno ya daktari yamekwenda. Wanawake waliokuja kwangu walikuwa wachache, tena walikaa karibu na mlango. Siku moja binti mmoja aliniuliza, "Kweli amesema hivyo?" Sikuwa na jibu. Sasa hiyo fomu inampima nani, mwenye filamu au vijei?

Bombo_Nyumbani:
Zamani filamu zilikuwa na heshima, siku hizi nguo fupi na matusi. Lakini nirudi kwako, Kalamu. Saluni umeipa mistari miwili, huyo mama wa mukene umemweleza mpaka mkono wake. Una nini na hiyo filamu?

Kalamu_Busia:
Sina kitu. Ni nzuri tu.

Mama_Shamim:
Kaka, sema. Hapa hatujuani sura.

Kalamu_Busia:
Sawa. Aliyecheza ni dada yangu, tumbo moja. Leso aliyojifunga ilikuwa ya marehemu mama yetu, na mama ndiye aliyekuwa anaweka mkono juu ya beseni vile. Sikusema kwa sababu kijana aliyeitengeneza simjui, na hakuna mahali fomu inapokataza. Alama nimezipeleka jana: mukene 40, saluni 15. Mpaka Ijumaa naweza kuzibadilisha. Lakini niambieni ukweli, nimekosea wapi? Tazameni mwisho wake: mwezi mpevu juu ya ziwa, mitumbwi inarudi imejaa mukene, na yeye anasimama kuwapokea bila kuogopa mtu. Nani angempa sifuri?

Msomaji_Jinja:
Kwa hiyo hukuja kuuliza. Umeshaamua, unataka tukupigie makofi.

Taa_ya_Ziwa:
Ngojeni. Mimi ni mvuvi. Mukene tunawavua gizani kwa taa, samaki wanaifuata taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, wengi wetu tunakaa nyumbani tunashona nyavu. Mitumbwi imejaa wapi usiku huo? Hii hadithi imetungwa. Hakuna filamu, hakuna dada.

Bombo_Nyumbani:
Mimi pia nilishangaa. Jaji wa kweli angeuliza wenzake wawili.

Kalamu_Busia:
Ndugu mvuvi, umesema kweli, na imeniuma kuona sikuliona hilo. Nimempigia dada. Anasema walikuwa na kamera ya kuazima siku mbili tu, hela ya taa hawakuwa nayo, wakautumia mwezi. Ndani ya mitumbwi mlikuwa na nyasi, juu wametandaza mukene wa beseni moja. Mimi mtoto wa muanika mukene nililitazama mara nne nisilione, kwa sababu nilikuwa namtazama mama.

Taa_ya_Ziwa:
Nyasi chini, mukene juu. Hapo nakuamini, hilo mtu hatungi.

Mama_Shamim:
Basi kaka, mkono wako utoe kwenye hiyo filamu. Si kwamba ni mbaya. Atazame mwingine, na saluni nayo aitazame huyohuyo.

Kalamu_Busia:
Nimeongea na mwenyekiti leo mchana. Alama zangu za filamu zote mbili zimefutwa. Jaji mwenzangu, mama wa kikundi cha akiba, atazitazama Alhamisi. Nimemwandikia swali la Msomaji nyuma ya fomu: anataka nini, na ukimtoa, hadithi inasimama? Dada bado sijamwambia.